Maji ya Ng'ombe wa Jiwe

Jumatatu, 8 Septemba. Nyarugusu.

Mimi ndiye mwanaume msafi kuliko wote kuanzia hapa Nyarugusu mpaka ziwani, na huko ziwani samaki nao wajiangalie. Sisemi kwa majivuno. Ni taarifa. Leo nimelisha karasha mawe tangu saa moja asubuhi. Lenyewe linasaga mawe ya dhahabu, mimi linanisaga masikio. Vumbi mpaka kwenye kope. Saa kumi nimeoga ndoo mbili, nimesugua visigino kwa jiwe, nimepaka mafuta, nimetoka nang'aa kama sahani ya harusini. Wenzangu wananiita Bwana Sabuni. Wanadhani wananitania. Wivu tu.

Hawa watu ni wachafu, bwana. Mtu anashika tope lenye zebaki, anajipangusa kwenye suruali, halafu mkono huohuo unamega ugali. Mmoja kapiga chafya juu ya sufuria ya maharage, akakoroga, akapakua. Sikula. Nimeshinda na soda.

Choo cha nyumba niliyopanga tunachangia wapangaji wote. Leo nimefungua mlango, nikaufunga. Basi. Sitaandika zaidi. Daftari hili ni jipya.

Jioni dada Kabula kapiga simu kutoka Samuye. Bibi siku ya tatu hali kitu. Miguu imevimba, muuguzi wa zahanati anasema ni moyo. Na mtoto wa Kabula ana wiki tatu, hana jina. Tunamwita Kichanga. Bibi anataka kumpa jina lake yeye, Nyamizi, kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini hatamki mpaka aonje maji ya Nyambeho.

Nani akayalete? Eti mimi.

Nimecheka. Kabula hakucheka. Na mimi nikaacha.

Jumanne, 9 Septemba.

Bibi kapiga mwenyewe. Sauti imekonda kama uzi.

"Mume wangu, hujaoa bado?"

Nikamwambia nioe nani, Bibi, wasichana wa Nyarugusu wananigombania mpaka nakosa pa kupita. Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kaniita mume wake tangu naota meno. Yeye ndiye aliyetulea. Mama alitutoka nikiwa darasa la kwanza, na Baba alikwenda kuchimba sehemu, hatujui sehemu gani.

"Basi kaniletee maji ya kwetu kabla sijafunga mdomo. Mtoto asikae bila jina kama mbuzi wa mnadani."

Kwa nini mimi? Kwa sababu mchotaji lazima awe mjukuu wa damu ambaye bado hajaoa. Kaka zangu pacha, Kulwa na Doto, wameoa zamani na vitambi vimetoka. Kabula ana mume. Nimebaki mimi Shija, niliyezaliwa nyuma ya pacha. Handsome wa mwisho wa ukoo.

Niiandike hadithi yenyewe, maana Bibi alitulisha sote pamoja na uji.

Nyambeho ni korongo la mawe ya chokaa, huko mbele ya Masumbwe, kwao Bibi. Yeye Msumbwa, aliolewa huku kwa Wasukuma akiwa msichana. Zamani palikuwa na mtemi mwenye ng'ombe wengi mpaka mchungaji wa mbele hamjui mchungaji wa nyuma. Ukame ukaja. Mama mmoja akapita na kichanga, akaomba maziwa. Mtemi akamnyima, akasema ndama wake kwanza. Asubuhi ng'ombe wote wakakutwa korongoni wamekuwa mawe meupe. Mmoja tu alikuwa amemfuata yule mama pangoni, akamwinamia mtoto amnyonyeshe. Naye akawa jiwe. Ila chuchu yake moja haikukauka. Inadondosha mpaka leo.

Kwa hiyo mtoto wa kike wa kule anaonjeshwa tone moja akizaliwa. Na mwanamke akizeeka, akitaka kumwachia mtu jina lake, anaonja tena, ndipo anatamka. Bibi yake Bibi alifanya hivyo. Jina la Nyamizi limekuja hivyohivyo, tone kwa tone, hakuna aliyeruka.

Mimi nilifika kidato cha pili. Najua ng'ombe hawi jiwe. Mwalimu wa jiografia alisema maji ya mvua yanayeyusha chokaa, yanapenya, yanadondoka. Sawa. Lakini mwalimu wa jiografia hakunibeba mgongoni nikiwa na surua.

Kesho naondoka.

Jumatano, 10 Septemba. Masumbwe.

Pikipiki, vumbi, pikipiki, vumbi. Mimi si mtu tena, ni tofali.

Chumba cha gesti. Shuka lina ramani. Ukutani kuna michirizi ya kunguni waliosagwa kwa kidole, mtu mwingine kabla yangu, na inaonekana alikuwa na hasira. Ndoo ya kuogea ina nywele za mtu. Si moja. Mhudumu kasema, "Kaka, hayo maji ni safi, tumechota leo." Ndani yake kuna kitu kinaogelea kwa furaha zote.

Nimeoga kwa kufumba macho.

Dukani nimenunua chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja. Hakuna mtu atakayeninywesha wadudu kwa sababu ya mila.

Nimeuliza watu watatu njia ya kwenda Nyambeho. Wa kwanza hajawahi kuisikia, na amezaliwa hapahapa. Wa pili kaniambia kuna chatu mwenye pembe. Wa tatu, mama muuza vitumbua, kanielekeza vizuri, akaniuliza ninakwenda kuchota? Nikasema ndiyo. Akanifungia vitumbua viwili bure. Nimevila hapohapo barabarani. Kidole chake kilikuwa na plasta. Nimekumbuka baada ya kumeza.

Alhamisi, 11 Septemba. Masumbwe tena, mchana.

Nimerudi. Nimeoga mara nne. Bado nanuka. Naandika huku napumulia mdomo.

Nianze mwanzo.

Kibao cha njiani kimeliwa na kutu, umebaki upande unaosema HIFADHI. Hifadhi ya kijiji, si ya serikali kubwa, haina geti, haina mtu wa tiketi. Unapita mashamba ya mihogo, unapita mabaki ya tanuri la zamani la kuchomea chokaa, halafu ardhi inakatika tu. Kama mtu kapasua mkate. Chini kuta nyeupe pande mbili, mizizi ya mikuyu imening'inia juu ya mawe kama kamba, na upepo wa baridi unapanda kutoka humo asubuhi yote. Nitasema ukweli: pazuri. Nilisimama.

Halafu nikaangalia chini ya miguu yangu. Nepi. Nepi ya mtoto, imetumika, imekunjwa vizuri kabisa na kuwekwa juu ya jiwe. Pembeni chupa za pombe kali, mfuko wa chipsi, mifupa ya kuku. Kuna watu walitoka kwao wakaja mpaka huku, mahali pa ajabu hivi, ili waache nepi. Na kwenye jiwe jeupe lililo kama mgongo wa ng'ombe, mtu kaandika kwa rangi nyekundu kwamba anampenda Neema. Neema mwenyewe angekuja aone anavyopendwa, angekimbia.

Mlinzi ni Mama Leticia. Mwanamke wa makamo, buti za mvua na kiangazi hiki, kiroba begani cha kuokotea takataka. Kachaguliwa na kijiji, halipwi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Msukuma gani huyu kapaka mafuta hivi? Umekuja kuchota au kuposa?"

"Mimi mjukuu wa Msumbwa, Mama. Bibi yangu Nyamizi, aliolewa Samuye."

"Basi nusu yako mtu. Nusu nyingine imejaa michembe."

Nikamwambia hivyo viazi vikavu vya Bibi vingemnenepesha hata yeye. Akanipiga na kiroba. Hapo tukawa ndugu.

Kanipa daftari la wageni. Mwaka mzima halijamaliza ukurasa. Nimeandika: Mheshimiwa Shija, mtaalamu wa mawe, Nyarugusu, na namba ya simu.

Masharti yake aliyasema huku anahesabu kwa vidole. Viatu unaacha. Huongei pangoni. Ng'ombe huwahesabu, wa mtu mwingine hawahesabiwi, na hawa wana mwenyewe. Sabuni haiingii. Maji mengine hayaingii, ng'ombe akionyeshwa maji ya nje anafunga chuchu. Mchotaji anaingia peke yake, mlinzi anabaki mlangoni amegeuka, kwa sababu jambo ni la damu yenu.

Na akaniambia hivi, tena alinishika mkono: "Tangu masika hakuna aliyechota. Masika likidondoka tone, unasali Baba Yetu mpaka amina, ndipo la pili; kiangazi hiki hata tone moja kwa siku ni bahati. Bakuli la jiwe chini ya chuchu limejaa sasa. Bakuli lenyewe dogo tu, kama la kunawia. Chukua yote, ni haki ya bibi yako. Ila usimwage."

Kanipa kibuyu kidogo cha shingo nyembamba, kizibo cha gunzi la hindi.

Chupa yangu ya dukani niliichomeka kiunoni chini ya shati. Ningefanyaje? Simwamini mtu na maji. Na ng'ombe nimewahesabu. Thelathini na moja, halafu nikapotea.

Kushuka kulikuwa uchafu mtupu. Pimbi wamekojoa kwenye kila ukingo tangu enzi za huyo mtemi, mkojo umeganda ukawa kama lami, na miguu yangu wazi juu yake. Visigino vyangu! Nyani nao wameacha maoni yao. Nikakanyaga kitu laini. Sikuangalia. Kuna vitu mtu akiviona haviondoki.

Mlango wa pango ni mdogo. Unainama, unatambaa. Mama Leticia akageuka, akaniambia kwa mgongo, "Polepole, ng'wanawane, mwanangu. Usiwaamshe."

Sikuuliza akina nani. Mimi nimeshashuka maduara ya Nyarugusu, mashimo ya dhahabu, futi nyingi tu, kwa kamba. Mtu kama mimi anaogopa tundu la pimbi?

Popo.

Dari lote popo. Si mia, si mia mbili. Dari lilikuwa linapumua. Na chini ni mavi yao, magoti yangu yamezama, ya moto, yanatembea kwa mende. Harufu ile haiingii puani. Inaingia machoni. Niliwasha tochi ya kichwani, na hilo ndilo kosa, maana dari likashuka lote kwa pamoja. Mabawa usoni. Na wakaachia. Wote. Kwenye nywele, kwenye shingo, ndani ya shati. Nilifungua mdomo nipige kelele, na mdomo nao ukapata mgawo wake.

Ndani ya mdomo. Naandika tena ili nisije nikasahau kuwachukia: ndani ya mdomo.

Macho yakaungua. Sikuona kitu. Nikatambaa mbele nikipapasa.

Basi. Baada ya hapo nilijaza kibuyu, nikatoka. Ya humo ndani yametosha.

Nje jua lilinipiga. Mama Leticia aligeuka. Alinitazama nywele, zimeganda. Shati limeganda. Nilidhani atacheka, hata mimi ningecheka. Halafu akanitazama uso. Akautazama sana. Akaitazama mikono yangu.

"Umechota?"

"Nimechota, Mama."

"Lilikuwa limejaa?"

"Mpaka ukingoni."

Hilo si uongo.

Akachukua kibuyu, akakipima uzito, akanirudishia. "Nenda, usimcheleweshe bibi yako." Hakunitania tena. Njia nzima ya kupanda hakunitania. Yule mama ana macho mabaya.

Ijumaa, 12 Septemba. Njiani.

Kibuyu nimekifunga kifuani kwa khanga ya kununua Kahama, kama mtoto. Kwenye basi mama mmoja kaniuliza nimebeba dawa? Nikasema ni maji ya bibi yangu anayeumwa. Akaniambia Mungu akubariki, vijana kama wewe hawapo tena. Nikahama kiti.

Nilipohamia, abiria wa pembeni anakula samaki wa kukaanga kwa kutafuna na mifupa, anatemea kwenye mkono, anajipangusa kwenye kiti. Siku nyingine ningesema kitu. Leo nimegeukia dirishani.

Tinde nimeshuka kubadilisha gari, nikakaa kwenye benchi. Magari mawili yamekwenda bila mimi. Nilikuwa nawaza kukidondosha. Kidogo tu, kwenye lami. Ningesema kimeniponyoka, wangenitukana siku mbili, yangeisha. Mtu mzembe anasamehewa. Nilikishika kwa vidole viwili.

Kabula akapiga. Bibi kauliza mara sita nimefika wapi. Kaogeshwa, kavalishwa kitenge kipya, anasubiri kwenye kiti. Amekataa kulala mchana asije akapitwa.

Nimepanda gari la tatu.

Jumamosi, 13 Septemba. Samuye.

Imefanyika.

Jana nilifika usiku, Bibi usingizi umeshamshinda; leo watu walijaa uani tangu asubuhi. Bibi alikaa mlangoni, mdogo, sikumbuki akiwa mdogo hivyo. Rozari shingoni. Miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, imevimba inang'aa, kucha zimezama. Nilipomwona niligeuza uso. Mimi ndiye niliyegeuza uso. Alininyooshea mikono.

"Mume wangu kaja. Sogea." Akaninusa. "Unanuka popo."

Uani wote ukacheka. Akasema harufu hiyo ndiyo ushahidi, kaka yake alinuka hivyohivyo alipokwenda kumchotea bibi yao, wakamlaza zizini wiki nzima.

Shemeji, mume wa Kabula, alijaribu mara ya mwisho. Yeye anataka mtoto aitwe Glori, jina la kisasa, la kuandikika. Bibi akamwambia, "Glori mtampa mbwa." Kwisha.

Akachukua kibuyu. Akakitikisa sikioni. Akanywa funda moja. Akafumba macho.

Nilisikia inzi. Nilisikia kuku akiparua nyuma ya jiko. Nikasema moyoni, ateme. Aseme, hiki ni nini mmeniletea? Nilikuwa tayari kupiga magoti.

Akafumbua. Machozi yanamtoka. Akachovya kidole, akamgusa mtoto ulimini, akamwambia sikioni: Nyamizi. Nyamizi. Nyamizi.

Vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakashtuka. Kulwa kanibeba begani. Doto, ambaye hajawahi kunisifia hata kandambili, kasema mdogo wetu ni mwanaume. Mzee wa kwaya kanishika mkono. Kwa mara ya kwanza maishani watu wamenisifia bila mimi kuanza.

Wamechinja mbuzi. Wamenipa figo na maini, sehemu ya heshima. Nilitafuna. Ilikuwa kama kutafuna sabuni.

Jumapili, 14 Septemba.

Kanisani wamemtaja kwenye matangazo. Nyamizi.

Kabula anamwita anapomnyonyesha. Watoto wa Kulwa wanamwita dirishani, wanajifunza kutamka. Shemeji naye kashaanza, bila kutaka. Nyamizi, Nyamizi. Nimekwenda kukaa zizini. Mavi ya ng'ombe yana harufu nzuri kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 16 Septemba.

Bibi kala uji. Bakuli zima. Jana vijiko vitatu, leo bakuli. Kabula anasema ni yale maji. Majirani wanasema ni yale maji. Mmoja kaja na chupa anataka kuomba kidogo kwa ajili ya mama mkwe wake. Nikamfukuza. Nilimfukuza vibaya, kwa matusi, mpaka Bibi kanigombeza. Kibuyu kina mafunda mawili yamebaki na Bibi kakiweka upande wa kichwani kitandani kwake, chini ya picha ya Bikira Maria.

Asubuhi nimemwosha Bibi miguu. Mimi mwenyewe, niliomba. Kabula kashangaa, kauliza Bwana Sabuni ameweza? Nimeweza. Kati ya vidole kuna vidonda, vinatoa maji. Sikuziba pua. Nilikuwa nangoja kinyaa kije, hakikuja. Kimehamia mahali pengine.

Mchana Mama Leticia kapiga, namba aliitoa kwenye daftari la wageni. Kaniuliza kama Bibi amekunywa. Nikasema amekunywa. Mtoto kapata jina? Kapata. Akasema asante Mungu. Halafu kaniambia, bila hasira, kwamba aliingia kupangusa bakuli, akakuta sakafu imelowa mpaka ukutani. Na kwamba kwa kiangazi hiki bakuli halitapata hata funda moja kabla ya mvua kushika sawasawa.

Nikasema mtandao unasumbua, Mama. Nikakata.

Bibi alikuwa ameamka, ananitazama. "Nani?"

"Kazini."

Jana muuguzi alituita nje mimi na Kabula. Alisema tusijidanganye na uji. Hakutaja mvua, lakini leo nimehesabu: Bibi hataifikia.

Alhamisi, 18 Septemba. Nyarugusu.

Nimerudi kazini. Karasha linasaga. Wamenikaribisha kwa kelele, Bwana Sabuni huyo, mbona hung'ai? Wameniangalia. Mmoja kanipa ndizi na mkono wenye tope. Nimeila.

Leo sijaoga.

Wakati naaga jana, Bibi alinivuta kichwa mpaka mdomoni kwake. Aliniambia nisikae sana bila mke, nitakuwa na mikunjo. Halafu akasema, "Yalikuwa matamu, mume wangu. Matamu kuliko alivyonisimulia bibi yangu." Alitabasamu. Sijui alijua. Sijui hakujua. Nyamizi mdogo alikuwa amelala ubavuni mwake, ngumi mdomoni.

Maji ya Nyambeho si matamu. Ni ya baridi, mazito, yana chokaa, yanakwaruza ulimi kama chaki ya darasani. Katika ukoo wetu wote waliobaki hai, anayeijua ladha hiyo ni mimi peke yangu. Nilipapasa gizani nikakuta bakuli limejaa, nikanawa uso, nikanawa mikono, nikasukutua mdomo kwa yaliyobaki, nikayatema. Aliyokunywa Bibi ni ya chupa ya dukani.